Bandeji ya Goti Lisilouma

Ndani ya treni, kwenye kiti cha mbele yangu, mchuaji wa timu ya raga alikuwa akimnong'oneza mama aliyeketi naye, mnong'ono wa kusikika behewa zima. Nahodha wao, alisema, alimpiga mhudumu wa hoteli. "Meneja wa timu kaniambia nimfunge bandeji goti lisilouma, niape kwamba siku ile hakutoka kitandani."

"Umeapa?"

"Naapa leo, mbele ya kamati. Mwenyekiti wake ni meneja huyohuyo."

"Sema kweli, mwanangu. Mungu yupo."

"Na meneja yupo, ananisubiri kituoni. Nisindikize, mama, mpaka mlangoni kwa kamati tu."

Treni ikasimama. Nje alisimama mwanamume mwenye koti la timu, anatabasamu. Mama, aliyekwisha kuinuka na mkoba wake, akaketi tena.

"Kituo changu bado," akasema.

Changu kilikuwa hapohapo. Nami sikushuka.