Kipande cha Bomba Ukutani

Zimeni hiyo televisheni, msogee, kila mmoja akae nitakapomwona, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sina pumzi ya kurudia maneno. Wewe binti yangu mwalimu, kilio kiweke kwanza. Kitahitajika siku hizi mbili tatu, na majirani watakuwepo kukiona.

Mnajua nimewaitia nini. Mtu akilala wiki tatu nyonga imevunjika, daktari akasema mifupa yake imekuwa majivu na moyo wake hauwezi kisu, arudishwe tu kwake, hata mtoto wa chekechea anajua kinachongojwa. Nanyi mnangoja baraka. Ninayo. Lakini leo siitoi bure kama nilivyowatolea maziwa. Nataka kitu kimoja kifanyike ndani ya nyumba hii nikiwa ningali nasikia, na kisipofanyika nitakwenda na baraka yangu kifuani, nanyi mtafute nyingine sokoni.

Kitindamimba wangu, wewe dereva mwenye miguu myepesi, nenda sasa hivi dukani kwa kaka yako hapo mwisho wa mtaa. Niletee kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono wangu, na vishikizo vyake, na skrubu ndefu, na mashine ya kutobolea ukuta. Usiniulize la nini. Nenda. Na wewe mkubwa usiinuke. Yeye aende, wewe ukae unisikilize, maana bomba hilo nilikuomba wewe.

Mlipokuwa wadogo niliwaambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliwadanganya, wanangu. Wasiosikia ni ninyi, na guu lililovunjika ni la mkuu.

Mwanangu wa kwanza una mabomba yamesimama nyuma ya duka kama askari wanaongoja mshahara, na mimi niliyekuzaa nikaomba kipande kimoja cha kupigilia bafuni kando ya choo, nishike ninapoinuka. Sikuomba mara moja. Mara ya kwanza ukasema, "Mama, nakuletea Jumamosi," lakini hukusema Jumamosi ya mwaka gani. Mara ya pili mkeo akasema vigae vikitobolewa vitapasuka. Mara ya tatu ukacheka, ukanipiga bega, ukasema, "Mama, wewe si bado msichana? Mambo ya wazee ya nini?" Nami mjinga nikafurahi. Sifa hiyo ndiyo iliyonivunja nyonga.

Na hivyo vigae, tusidanganyane, hamkuniwekea mimi. Mliwawekea wakwe waliokuja kumposa mjukuu wangu. Sakafu yangu ya saruji ilikuwa na mikwaruzo, inashika unyayo kama ulimi wa ng'ombe, nimeikanyaga miaka arobaini haijanitupa. Mkaivunja kuanzia barazani mpaka bafuni, mkaweka kitu kinachong'aa hata mtu akiinama anahesabu meno yake. Wakwe wakakaa saa mbili, wakala, wakasifu, wakaenda zao. Mimi nikabaki kuishi juu ya barafu. Nyumba njema si mlango, wahenga walishasema, ila ninyi mlisoma shule nyingi mno kuwasikiliza wahenga.

Kisha ikaja sheria. Viatu mlangoni! Malapa yangu ya mpira yenye meno, mlangoni. Mkongojo wangu nao, eti unachora vigae. Mkamwana wangu akaniambia kwa sauti tamu, "Mama, siku hizi humu ndani tunavua," akaniletea soksi. Soksi, jamani, juu ya vigae! Usiinamishe kichwa, mwanangu, najua hukukusudia. Lakini hata adui yangu hakuwahi kunipa zawadi iliyonifikisha mbali hivyo.

Mnaniona sikusoma. Kweli, darasa la pili lilinitosha. Lakini sakafu naijua kuliko yeyote kati yenu, maana miaka ishirini na sita nilipiga deki hospitali, wodi ya wazee, na ninyi mlikula deki hiyo na kuvaa deki hiyo. Nilikuwa natanguliza kile kibao cha manjano, nasubiri sakafu ikauke, ndipo mgonjwa apite. Daktari mkuu mwenyewe akikanyaga palipolowa nilimwambia, "Rudi, baba, utakuja kulala hapa hapa." Na katika miaka yote hiyo sikuona mzee aliyeletwa na simba wala aliyepigwa na radi. Waliletwa na mikeka. Mkeka umekunja kona, mtu akajikwaa. Waliletwa na balbu iliyoungua mwezi mzima kila mtu akimwambia mwenzake aibadilishe. Waliletwa na ndala zilizokatika, na nguo ndefu inayoburuta, na kitanda kirefu ambacho miguu haigusi chini. Mwingine aliletwa na waya wa redio. Mtu amevuka vita na njaa, amezika watoto watatu, akauawa na waya wa redio! Na watoto wao walikuja na matunda ndani ya mifuko, wakisimama kando ya kitanda wakisema, "Tulikuwa tunapanga kurekebisha." Nikawa napitisha deki chini ya miguu yao, kimoyomoyo nikisema, wangu hawatakuwa hivi.

Haya. Na mimi si malaika. Nilipoolewa, mama yake baba yenu alikuwa haoni vizuri, akaniomba niondoe kinu pale kwenye pito la kwenda uani. Nikamjibu kwamba kinu kilikuwepo kabla yangu, yeye ndiye ajifunze kukizunguka. Alikizunguka siku nne. Ya tano akaangukia mkono, na mkono ule haukupanda tena kufikia kichwa. Mpaka anakufa nilikuwa mimi ninayemsuka nywele, na hakuniambia neno. Angenitukana ningepona. Kwa hiyo msidhani nawasema kutoka juu ya mti. Nawasema kutoka shimo lile lile.

Tena kuna jambo sikuwaambia. Siku ile bafuni ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilianguka kando ya kitanda, ya pili pale kizingitini, na lile jeraha la paji la uso niliwaambia ni mlango wa kabati. Mzee huficha kuanguka kama msichana anavyoficha mimba, akidhani tumbo litasahau. Nilificha kwa sababu nilimsikia huyu mwalimu akisema kwenye simu, "Mama akianguka tutamhamisha, hawezi kukaa kule." Mkanihamishe wapi? Nikakae kwenye chumba cha nyuma cha mtu, niwe nauliza maji yako wapi? Nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami ndiye huyu nimeumbuliwa. Lakini nanyi jifunzeni: ukitaka mzee akwambie ameanguka, usimtishe na begi.

Basi sikilizeni la siku yenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka. Hakukuwa na giza la kusingizia. Nimejisaidia, nimeinuka, mkono ukaenda ukutani kutafuta pa kushika, ukuta ukanipa ulaini wake. Soksi zikaenda njia yao, mimi yangu. Mwenda pole hajikwai, nami nilikuwa nakwenda pole kuliko kinyonga. Nikausikia mfupa kabla ya kuusikia uchungu. Nikaita. Sebuleni televisheni ilikuwa inacheka, na mkamwana wangu anacheka nayo.

Aliyenisikia ni mke mwenzangu.

Ndiyo, huyu aliyekaa mlangoni hapo, bi mdogo, ambaye baba yenu alimwingiza humu nikiwa nanyonyesha. Mnajua tulivyoishi. Miaka mingapi hatukusemeshana ila kupitia kwenu? "Mwambie mama yako mdogo chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako mkubwa na yeye ana miguu." Mlikuwa mnakimbia baina yetu kama posta. Sikumpenda, na sitasema leo kwamba nilimpenda ili nifie vizuri. Sasa macho yake yamefungwa na mtoto wa jicho, haoni zaidi ya kivuli. Lakini alikuja. Alipapasa ukuta mpaka mlango wa bafu, mguu wake ukagusa maji, akaelewa. Akafanya ambalo hakuna msomi wa nyumba hii angefanya: alikaa chini kwa makalio, akajisogeza hivyo hivyo juu ya maji mpaka akanifikia, akakiweka kichwa changu pajani.

Nikamwambia nivute. Akasema, "Sikuvuti. Ukivutwa utavunjika na palipobaki. Tulia hapo, we mwanamke mbishi." Akavua khanga yake akanifunika. Kisha akaniambia, "Miaka arobaini nimekuombea uanguke. Leo umeanguka, na kicheko chenyewe kimekataa kuja." Nikamwambia, "Jitahidi, usipoteze maombi yako." Tukacheka, wawili tumelowa, mpaka maumivu yakaninyamazisha. Na alipoita, aliita kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndipo televisheni ikasikia.

Kwa hiyo sasa naja kwenye nyumba. Juzi mliponidhania nimelala, mlikaa hapo hapo nyuma ya pazia, mkasema nikishaondoka huyu apelekwe kwa ndugu zake na nyumba ipangishwe. Nani alisema sihitaji kumtaja. Anajua, na masikio yake yamewaka. Ndugu zake wepi? Wa mwisho mlikwenda kumzika wenyewe. Hakuzaa, kwa hiyo mmeona hana mtu. Ana mimi. Ganda la muwa la jana, kwenu ni takataka; kwangu ni shahidi wa maisha yangu yote, aliyebaki peke yake.

Hati ya nyumba ina jina langu, ipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki, na wakili wa pale njia panda ana nakala, msije mkasema panya alikula. Nyumba ni ya mke mwenzangu kuishi mpaka Mungu amchukue. Hapangiwi mpangaji, hahamishwi chumba, wala vitu havihamishwi kutoka mahali pake, maana mtu asiyeona anaishi kwa kumbukumbu ya vitu. Ukisogeza kiti umemhamisha nyumba. Akishakwenda, ndipo iwe yenu ninyi watatu sawasawa, na mkigombana mgombane polepole, tusisikie tulipo.

Bafuni mng'oe vigae mrudishe saruji, fundi aichore mikwaruzo kabla haijakauka. Zulia la mlangoni mumpe mbuzi. Kitanda chake mkikate miguu, akikaa nyayo ziguse chini. Balbu ya kwenye pito, mkamwana wangu, hiyo nakukabidhi wewe, na simaanishi utume mtu. Itazame kila jioni kama unavyoitazama sura yako. Malapa yake ayavae ndani, mpaka kitandani akitaka. Mwalimu, umpeleke akafanyiwe jicho. Lakini umuulize kwanza, usimbebe kama furushi. Mkongojo wangu mpeni. Ni mfupi kidogo kwake. Naye siku zote alijiona mrefu kuliko mimi.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Huyo dereva amerudi? Namsikia anahema. Lete nione. Ndilo. Wala si zito. Kitu chepesi hivi, jamani.

Hapana, usimpe fundi. Mpe kaka yako. Inuka sasa, mwanangu wa kwanza, ukatoboe mwenyewe. Kando ya choo, mkono wa kulia, mpime mama yako mdogo akiwa amekaa, si akiwa amesimama. Vigae vikipasuka ndio furaha yangu. Acheni mlango wazi nisikie.

Hiyo... hiyo ndiyo sauti niliyoiomba mara tatu. Kaza. Kaza tena, usione huruma. Mkamwana, usilie, mshikie skrubu.

Bi mdogo. Umefika? Shika hapo. Vuta. Vuta kwa chuki yako yote, unayo ya kutosha... Anasemaje? Linatikisika? Sisikii, nielezeni. Halitikisiki? Mwambieni avute tena.

Halitikisiki.

Haya. Njooni basi, wekeni mikono hapa, ni mizito mkiiweka yote... mmoja mmoja. Mwanangu wa kwanza, mikono yako ina vumbi, iache hivyo hivyo. Nimewasamehe, ila sikusahau. Kusahau ni kazi ya Mungu, mimi nafanya yangu. Mzae. Mzeeke. Na siku mkiomba kitu kidogo... mpate watoto wenye kusikia. Hiyo ndiyo baraka, sina kubwa kuliko hiyo.

Pumzi inakata... Neno moja bado. Mtakaonibeba... mtapita sebuleni, na barazani, juu ya hivyo vigae vyenu, na watu watakuwa wamemwaga maji.

Vaeni viatu.