Enid Leggett, Mcheza Baleti Aliyekaa Benchini

Jamaa, majirani, na nyinyi watu wa baleti mliosimama kule nyuma visigino vikigusana na vidole vikitazama nje kama bata, asanteni kwa kuja. Mimi ni Gwenda, binti yake. Nimeombwa nisome taratibu. Nitajaribu, ingawa mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote taratibu.

Marehemu Enid Maud Leggett alizaliwa tarehe 9 Februari 1922, Walworth, London, mtoto wa pekee wa Bwana Albert Tidmarsh, mchukuzi wa soko la samaki, na Bi Maud. Bibi alikuwa akisema mtoto huyo alimpiga mateke tumboni, na alipotoka akaendelea. Alikuwa kiguu na njia. Ukimtuma maziwa, angerudi nayo akiwa amezunguka mitaa mitatu.

Alisoma shule ya mtaani kwao hadi umri wa miaka kumi na minne. Baleti alijifunza Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, na mwaka 1938 alichukuliwa na kampuni ya Madam Lidova, ambaye kwao Croydon aliitwa Lottie Dobbs. Siku hizo bila jina la Kirusi hupati watazamaji. Madam alitaka kumwita Tidmarova.

Mama akamwambia, "Madam, baba yangu anabeba samaki. Akiliona jina hilo ukutani, atakuja hapa na kikapu chake kichwani."

Akabaki Tidmarsh.

Vita vilipoanza, walicheza mchana kwa sababu ya mabomu. King'ora kikilia, hakuna aliyeondoka jukwaani. Watazamaji nao waliona haya kuondoka. Mgao wa nguo ulipokuja Juni 1941, mama alikataa kata kata kuonekana mchovu. Soksi hakuna, basi alijichorea mshono nyuma ya miguu kwa kalamu ya nyusi. Koti alishona kwa blanketi. Viatu vyake vya jukwaani vilivyochakaa alivikata ile ncha ngumu ya kusimamia vidole, akavibandika soli ya tairi la baiskeli, akavitia rangi nyekundu, akaenda navyo kwenye foleni ya samaki.

"Wee dada, viatu hivyo umevitoa wapi?" wakamuuliza wasichana wa kiwanda cha risasi.

"Miguuni kwangu. Lete vyako vya zamani nikuonyeshe."

Kufika majira ya joto ya mwaka uliofuata, nusu ya wasichana wa Walworth walitembea na viatu vya namna hiyo, na akina mama zao wakinung'unika kwamba ni viatu vya kulalia.

Sasa niwaeleze wasiojua. Mcheza baleti ana fundi wake wa viatu. Fundi hupiga muhuri wake chini ya soli, na mcheza hutaka muhuri huo tu, hata kama hajawahi kumwona aliyeupiga. Fundi wa mama alipiga muhuri wa birika. Mwishoni mwa 1940 fundi huyo aliitwa jeshini. Akiba ya viatu vyake ilipokwisha, mama akaletewa vyenye muhuri wa ufunguo. Alivivaa mara moja tu, kisha akaenda kwenye karakana ya viatu, akashika kiuno mbele ya mwenye mali, Bwana Pruett.

"Birika langu liko wapi?"

"Liko Misri, binti. Linapigana."

"Nani kakupa ruhusa ya kulitoa?"

"Mfalme."

Birika lilirudi Januari 1943. Aliitwa Horace Leggett, na mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na dole gumba tu. Alikwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, na mama alipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ni wewe mwenye mguu mkubwa wa kushoto?" Walifunga ndoa tarehe 16 Oktoba mwaka huo. Bibi harusi alivaa koti na sketi vilivyokatwa kutoka suti ya babu, na watu walimsifu mpaka babu akaisahau suti yake.

Machi 1944 Madam Lidova alimpa mama nafasi aliyoililia tangu ana miaka kumi na sita: kucheza Bibi wa Theluji, mbele ya wote. Kampuni ingezunguka kambi za askari mwaka mzima. Wiki hiyo hiyo Bwana Pruett alimwita baba, aliyekuwa akifagia karakana kwa kuhurumiwa.

"Horace, nina benchi moja la fundi, liko tupu. Inabidi nimpe mwenye mikono."

Baba alirudi nyumbani, akakaa dirishani. Hakula. Mama alimkuta hivyo.

"Nenda, Enid," akasema baba. "Mimi nitajitazama."

"Utajitazama kwa kioo gani? Hebu sogea huko." Akavua koti. "Nifundishe. Nitakuwa mikono yako."

Basi aliyecheza Bibi wa Theluji ni Delphine Crewe, na mama akakaa benchini kwa Bwana Pruett, yeye ambaye chai alikunywa amesimama. Baba alisimama nyuma yake akielekeza: gundi kidogo, nyundo polepole, usiivunje hiyo ncha. Mimi nilimkasirikia baba miaka mingi kwa jambo hilo, nasema wazi.

Viatu vya kwanza vilipelekwa kwa Delphine. Akaja juu. "Enid, viatu vyako vinanifikia vimechoka kabla yangu!" Kumbe mama alikuwa akivimaliza, anavivaa, anacheza navyo stoo, kisha anavifunga kwenye karatasi. Wenyewe mnajua: kiatu cha baleti kikishachezewa, kimekwisha. Baba alijua. Alikuwa akisikia ncha zikigonga sakafu. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Jitengenezee jozi yako, mke wangu, hizi za watu ziache." Mama hakujitengenezea hata jozi moja, na stoo hakuingia tena. Aliendelea na kazi hiyo, kwa muhuri wa birika, hadi baba alipofariki mwaka 1987.

Novemba mwaka jana alipata kiharusi. Alilazwa hospitali, Camberwell, na hata hapo miguu haikutulia. Manesi walitandika blanketi lile lile mara kwa mara. Nilimuuliza, kwa sababu nisingepata nafasi nyingine: "Mama, ulijuta?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama mvua inalowesha.

"Tena sana, mwanangu. Usimwambie baba yako."

Alifariki tarehe 3 Machi 2009, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na saba. Ameacha watoto wawili, mimi na kaka yangu Clive, mkwe wake Maureen, wajukuu watatu, na wachezaji wengi waliovaa kazi yake bila kuijua sura yake.

Mama, utanisamehe. Baba amelala hapa kaburini, upande wako wa kulia, na siwezi kupita karibu yake nikiwa nimefunga mdomo. Baba, alijuta. Alijuta maisha yake yote, na hakukuacha. Mpishe kidogo, alale.

Mungu awape wote wawili pumziko jema.