Kamande Mathenge na Wimbo wa Odongo

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa hapa Bahati na nyinyi nyote mliotoka mbali ili tusiwe peke yetu leo, mimi ni Lewis, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, pamoja na sehemu ambayo wengi wenu hamkuijua, kwa sababu hata sisi watoto wake tuliijua juzi tu.

Marehemu Kamande Mathenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Longonot, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mathenge, aliyekuwa fundi wa reli, na marehemu nyanya yetu Nyaguthii. Alisomea shule ya msingi ya pale Longonot, kisha akafanya masomo ya sekondari Naivasha kuanzia mwaka wa 1972 hadi 1975, akafaulu vizuri hesabu, ingawa moyo wake wote ulikuwa kwa gitaa. Katika zile nyumba za reli, mlango wa pili kutoka kwao, aliishi kijana wa rika lake aitwaye Odongo, na wawili hao walikuwa na gitaa moja kati yao, wakikaa chini ya dirisha la mzee Mathenge kusikiliza rumba na benga kwa redio hadi betri ziishe, wakijifunza kwa masikio tu, baba akipiga na Odongo akiimba. Mwezi wa Agosti 1977 walipanda treni hadi Nairobi wakarekodi santuri yao ya kwanza na ya mwisho, wimbo kuhusu msichana wa Ndabibi aliyechoka kungoja, ukachezwa redioni mara chache, na Longonot nzima ikawajua.

Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo walialikwa kupiga kwa harusi huko Ndabibi. Odongo alikuwa na kifua kibaya, mama yake akasema abaki alale, lakini baba alisimama pale mlangoni akamsihi yule mama, akamwahidi kwamba atamrudisha mwanawe kabla ya giza, na mama akakubali. Walipokuwa wakirudi jioni ile, pikapu waliyopanda ilipinduka kwenye kona, Odongo akafa papo hapo, na baba akavunjika bega, akalazwa, hata mwili wa rafiki yake ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Nyanza baba akiwa bado kitandani. Alipotoka hospitali alimpa mtu mwingine lile gitaa, akahama Longonot, na hakuthubutu kumwona mama Odongo tena.

Mwezi wa Februari 1979 aliajiriwa hapa Nakuru mjini na marehemu mzee Gopal, katika duka lake la pampu za maji na vipuri, akianza kwa kubeba mizigo, akawa fundi, akawa msimamizi wa karakana, akaendelea chini ya mwanawe Dharmesh, ambaye yuko nasi hapa, hadi alipostaafu mwaka wa 2018. Dharmesh ameniambia kwamba vijana wa karakana walipofungua nyimbo za zamani, baba alikuwa anaweka spana chini, anatoka nje na kusimama barabarani hadi wimbo uishe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu Wariara, wakajaliwa watoto watatu, mimi, dada yangu Abby, na mdogo wetu Jerry aliyetuacha mwaka wa 1994 akiwa mchanga. Alikuwa baba mpole, asiyepiga mtoto, lakini nyumba yetu ilikuwa kimya, na redio ilifunguliwa kwa habari na matangazo ya vifo, kisha ikazimwa. Tulifikiri ni dini.

Mwezi wa Juni 2023 Abby alikuta kwenye simu santuri za zamani ambazo mtu fulani wa ng'ambo alikuwa ameziweka mtandaoni, akaona jina Kamande, akamletea baba akicheka. Mama anasema baba aliusikiliza ule wimbo akiwa amesimama, kofia mkononi, kisha akaomba urudiwe, kisha akaketi akawaeleza yeye na Abby yote niliyowasomea kuhusu Odongo. Baada ya hapo alirudi kwa nyimbo zote za ujana wake kama mtu aliyenyimwa chakula, akizisikiliza asubuhi na mchana, na nyingine alisema ni mbaya kabisa, hajui ni nini kilichowapendeza. Alinunua gitaa, lakini ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaua vidole vyake, hakuhisi nyuzi, akalirudisha dukani.

Tarehe 19 Agosti aliniambia nimpeleke Kaptembwo, mtaa wa hapahapa Nakuru, ambako alikuwa amesikia kwamba mama Odongo anaishi kwa binti yake Tabby. Tulimkuta mama huyo ameketi mlangoni, macho yamefifia lakini akili timamu. Baba alijitambulisha, akapiga magoti pale kwa vumbi, akasema aliahidi kumrudisha kabla ya giza na hakumrudisha. Ndipo baba akatoa simu, akaufungua wimbo, na kabla ya gitaa kuingia Odongo anasikika akikohoa kidogo, kisha anaanza kuimba.

Mama Odongo alisikiliza ubeti mmoja, akainua mkono.

"Zima, Kamande," akasema. "Unanijia naye, halafu utaondoka naye kwa mfuko."

Baba akazima. Alimuuliza kama Tabby amwekee wimbo huo kwa simu yake, awe nao hapo nyumbani, na mama akakataa, akasema ilimchukua miaka mingi kuisahau ile sauti, na sasa ataanza tena. Tabby alitupa chai, tukanywa, tukaaga. Kwa gari, tulipofika barabara kubwa, baba alisema, "Nilidhani nimempelekea mama zawadi. Nilijipelekea mimi." Hakusikiliza muziki tena tangu siku hiyo.

Mwezi wa Machi 2024 figo zake zilishindwa, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 27 Februari mwaka huu wa 2025, saa nne asubuhi, alituacha, akiwa mikononi mwa mama na Abby, wiki mbili tu kabla ya kutimiza miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Dharmesh na wafanyakazi wote wa karakana waliotuletea gari kila siku ya matibabu, na majirani waliopika, wakachota maji na kulala nasi matangani.

Vijana wa vyombo vya muziki, najua mmeutafuta ule wimbo na mko nao tayari, na wengi mmeniuliza tangu asubuhi kama tutaupiga tukimshusha. Hatutaupiga. Mama Odongo amekuja, ameketi pale mbele pamoja na Tabby, na baba alituachia neno hili akiwa hospitalini: "Siku ya kunizika msimfufue mtoto wa mtu." Kwa hiyo tutamshusha baba kimya, na ninawaomba tusimame.

Baba, umechoka. Pumzika sasa, na amani iwe nawe.