Nyaga Ireri, Mtu Aliyejua Kutia Sahihi

Majirani, ndugu na marafiki mliofika kumsindikiza Nyaga, familia inaomba, kabla hatujaanza, mfunge kile kijitabu mlichopewa getini, kwa maana historia iliyochapishwa katika ukurasa wake wa tatu iliandikwa na kamati ya mazishi chini ya mzee Gitobu, mwenyekiti wa timu ya Siakago, bila kumuuliza mjane wala dada, nayo inasema kwamba marehemu "alinufaika sana na kandanda ya ng'ambo", kisha inawaelekeza mkamzike kando ya lami, mbele ya geti la kaka yake Misheck, chini ya lile bango linalomwonyesha akiwa amevaa jezi ya timu kubwa ya Uingereza, timu ambayo Nyaga aliiona kwenye runinga tu kama sisi wengine, na jezi yenyewe aliinunua hapa Siakago siku ya soko. Kaburi haliko huko. Liko wapi, na kwa nini, ndiyo historia ambayo dada yake Rwamba, kitinda mimba wa nyumba hii, amesimama kuisoma, na wale walio na haraka ya kuhutubia watavumilia.

Marehemu Ephantus Nyaga Ireri alizaliwa tarehe 9 Mei 1987 katika kijiji hiki hiki, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Ireri na marehemu mama Cicily, akimfuata Misheck na kufuatwa na Rwamba, akapewa jina la babu mzaa mama kama ilivyo desturi, na akakua akichunga mbuzi kwenye mawe ya hapa, mahali ambapo mpira wa matambara ukipigwa vibaya huishia kwenye miiba, na ndiyo sababu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, alijifunza mapema kutoa pasi za chini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1994 katika shule ya msingi ya kijiji, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 2001, akaendelea na sekondari ya kutwa hadi alipomaliza kidato cha nne Novemba 2005, na ingawa mzee Gitobu amesimulia kila jioni ya matanga wiki hii kwamba yeye ndiye aliyemvumbua, aliyemvumbua ni Mwalimu Veronicah, yule mama aliyeketi pale nyuma kwa sababu kamati haikumwekea kiti mbele. Mwaka 2002, alipokuwa akijaza fomu za wachezaji wa michezo ya wilaya, Mwalimu Veronicah alimwambia Nyaga kwamba mchezaji hutia sahihi yake mwenyewe, hatiliwi na mtu, akampa ukurasa mzima wa daftari afanyie mazoezi, naye akafanya, herufi N kubwa yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote, sahihi ambayo hakuibadilisha maisha yake yote. Tunaomba muikumbuke hiyo N.

Kuanzia Januari 2006 alipakia mchanga kwenye malori kule Kiritiri, mchana akishika sepetu na jioni akichezea timu ya Siakago nafasi ya beki wa kulia, hadi Februari 2008 alipochukuliwa na klabu moja ya Nairobi, na tarehe 17 Agosti 2009 akaondoka kwenda Albania, katika ligi ya daraja la pili, kwenye mji mdogo wa milimani wenye theluji. Siku ya kumuaga, mzee Gitobu alipanda juu ya meza na kuwatangazia watu kwamba Albania "iko tu hapo karibu na London, ukisimama kwa uwanja unaona taa zake", nasi sote tukapiga makofi, na familia inakiri kwamba nayo ilipiga.

Sasa, kwa kuwa kamati imejitia kujua alinufaika kwa kiasi gani, familia inaona heri wasikie yale aliyoyasimulia mwenyewe. Hakuwa nyota. Msimu wa kwanza alikaa benchi, wa pili akacheza nusu, wa tatu na wa nne akawa tegemeo la timu ambayo hakuna mtu hapa anayeweza kulitamka jina lake, alipewa chumba chenye jiko la kuni, alifundishwa na kocha mmoja mzee mkali namna ya kupanga mazoezi ya wiki nzima kwa maandishi, goti lake la kulia lilipovunjika Machi 2013 daktari wa klabu alilipasua na kumwuguza hadi akatembea, na kabla ya kuachiliwa mwisho wa msimu wa 2014 alikuwa amehudhuria mafunzo na kupata cheti cha ukocha, ambacho kiko hapa juu ya jeneza. Alipoulizwa kama ng'ambo kulimfaa, na aliulizwa na kila mtu mpaka akachoka, alikuwa na jibu moja tu, kwamba ng'ambo walimpa kila alichotilia sahihi, ila huku nyumbani waligawa kile ambacho hakutilia.

Jibu hilo linahitaji maelezo, na Misheck akae vizuri. Baba yetu mzee Ireri alifariki tarehe 20 Agosti 2011, Nyaga akashindwa kuja kumzika kwa sababu vibali vyake vya kuishi kule vilikuwa vimeshikwa vikifanywa upya, akalia kwenye simu mpaka Rwamba akaikata yeye, na hata miezi minne haijatimia, Jumanne tarehe 13 Desemba 2011, Misheck aliwaita wazee wa ukoo, akawachinjia beberu, na shamba la baba likagawanywa kabla mifupa haijapoa. Misheck alisema mbele yao wote, "Nyaga sasa ni mtu ya Ulaya, hii shamba ya mawe atafanyia nini, si atanunua Nairobi," na mzee mmoja mwenye mdomo uliojaa nyama akaongeza kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na hivyo ndivyo kijana aliyekuwa akiganda kwenye theluji ya Albania alivyofanywa tajiri asubuhi moja, bila yeye kujua, ili anyang'anywe. Misheck alichukua sehemu yake na ya Nyaga, na kwa kuwa chifu alisisitiza kwamba katiba mpya haimruki binti, Rwamba akapewa ukanda wa mawe ulio kando ya korongo, ambao hata mbuzi huupita bila kuinamisha kichwa.

Na kwa kuwa sheria ilitaka kila mtoto akubali, kulipatikana karatasi inayosema kwamba Nyaga ameridhia kuacha urithi wake, nayo chini yake ina alama ya kidole gumba. Kidole gumba, ndugu zangu, cha mtu aliyefika kidato cha nne, aliyesaini mkataba katika lugha mbili, ambaye watoto wa kijiji hiki walimpa madaftari yao awatilie ile N yenye mkia. Aliyefanya hivyo hata hakumheshimu ndugu yake kiasi cha kumwibia vizuri.

Nyaga alirudi nyumbani tarehe 11 Juni 2014 akiwa na begi moja na goti linalolia akipanda ngazi, akaenda moja kwa moja mahali palipokuwa jiko la mama, akakuta muguka ya Misheck, yale majani ya kutafuna, imepandwa hadi kwenye mafiga, akakaribishwa sebuleni kwenye kiti cha wageni, akatiliwa chai kwenye vikombe vya wageni, na kabla hajamaliza kikombe Misheck akamwuliza kwa upole, "Sasa ndugu yangu, unarudi lini?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Misheck hakumpa jembe hata siku ya kumi, kwa sababu anayepewa jembe huuliza alime wapi. Siku ya kumi na moja Nyaga alihamia kwa Rwamba, na mwaka 2015 akajenga vyumba viwili vya mabati kwenye ukanda wa mawe, huku wale waliompigia makofi meza ikitikisika wakipita njiani na kucheka kwamba Ulaya imemtapika.

Tarehe 12 Agosti 2017 alifunga ndoa na Karimi, binti wa wakulima wa viazi wa Kiirua, kule Meru, katika kanisa la kwao, na kwa kuwa ilikuwa wiki ya uchaguzi, Misheck alituma ujumbe kwamba barabara si salama, ingawa jioni hiyo hiyo alionekana Meru mjini akila nyama. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ireri, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2018, na Cicily, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 2021, walioketi hapa mbele na ambao kwa miaka yote hii, kwa karatasi za serikali, hawakuwa na mahali popote pa kuita kwao.

Tangu Januari 2016 aliajiriwa kwa kibarua kufundisha kandanda timu ya wasichana ya sekondari, na hapo ndipo cheti kilichochekwa kilipofanya kazi, kwani aliwapangia mazoezi kwa maandishi kama yule mzee mkali, na wasichana wake wanne wamecheza ligi za nje. Wazazi walipomjia, wakitarajia mtu aliyeumizwa awakataze, aliwaambia wawaache waende, huko kuna daktari, kuna kocha, kuna mambo ya kujifunza, lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa yeyote, kwamba hataandika barua ya kumpendekeza msichana hadi baba yake aite wazee na chifu, waende shambani, waonyeshe sehemu ya huyo binti, na mikonge ya mpaka ipandwe naye akiwepo, ashike mche kwa mkono wake. Wengi walimtukana kwa sharti hilo, na mzee Gitobu alimwambia kwamba anachelewesha vipaji kwa sababu ya uchungu wake wa shamba. Winrose, aliyesafiri kutoka klabu yake kuja kumzika mwalimu wake, ana mikonge kumi na minne Kiritiri, na mwaka juzi kaka zake walipojaribu kugawana, walikuta imeshakuwa mirefu.

Kuhusu ugonjwa, kila Desemba kamati ya mzee Gitobu ilimtoa Nyaga na lile goti acheze dakika ishirini mbele ya waheshimiwa, aitwe mwanasoka wa kimataifa kwenye kipaza sauti, na ili aweze kusimama alimeza dawa za maumivu za dukani kwa miaka, yeye hakujua kwamba zinamdhuru na waliomwita hawakuuliza, hadi Februari 2024 figo zake zilipogoma na akaanza kusafishwa damu Embu mara mbili kwa wiki. Katika muda wote huo mzee Gitobu alimtembelea mara moja, akapiga naye picha.

Nyaga hakuogopa kufa, familia inalisema hili wazi, aliogopa kufa akiwa mgeni na kuwaachia watoto wake ugeni. Kwa hiyo Rwamba aliukata ukanda wake vipande viwili, na Jumanne tarehe 21 Oktoba mwaka huu walimbeba Nyaga hadi ofisi ya ardhi kwenda kupokea nusu yake, na karani, alipoiona mikono ilivyovimba, alimsogezea kwa huruma kile kidau cha wino, akasema, "Baba, weka tu kidole, hakuna shida." Nyaga alikisukuma kando. Aliomba kalamu, ikamwanguka, akaomba tena, na baada ya muda mrefu aliiandika ile N, akauvuta mkia wake chini ya jina lote hadi mwisho, kisha akamwomba Karimi ampeleke nyumbani, na njia nzima alikuwa akitabasamu.

Alilala Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi alasiri, mkewe na dada yake wakiwa kando yake. Jumamosi Misheck alikuja na utepe wa kupimia, akapima mbele ya geti lake nafasi ya kaburi kando ya lami, mahali wageni wataona, na hizo futi sita ndizo ardhi ya kwanza ambayo amewahi kumpimia ndugu yake. Karimi alimshukuru na kukataa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu waliomtunza kwa miezi ishirini na moja bila kumchoka, majirani waliomfikisha barabarani alfajiri, mvua na jua, walimu wenzake walioshika zamu zake uwanjani, Mwalimu Veronicah kwa ukurasa mmoja wa daftari, na Winrose pamoja na wasichana watakaobeba jeneza. Inamshukuru Misheck kwa hema, ambalo litarudishwa jioni hii, halitalala kwetu.

Ibada ikiisha, msielekee kwenye bango, teremkeni na njia ya korongo hadi mtakapoona mikonge michanga, ambayo Ireri na Cicily waliipanda jana kwa mikono yao. Pumzika kwa amani, Nyaga, umefika kwako, na hapo hakuna atakayekuuliza unarudi lini.