Mistari ya Maji ya Bitiruti

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la kahawa la Gaétan, hapa Port Lavoie, mji wetu mdogo wa kaskazini, ng'ambo tu ya barabara kutoka uwanjani. Kushoto kwetu ni ziwa, ambalo mwezi wa Mei bado lina barafu pembezoni na linatupulizia upepo wa kukata masikio. Hatujali. Mtu wa huku akisubiri joto ndipo atoke nje, atatoka wiki sita kwa mwaka. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne, kila mmoja na kahawa yake ya sukari mbili, krimu mbili. Alikuwepo Eino Saarinen, tunayemwita Barafu, maana ameendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye ukumbi wa hoki ya barafuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwepo Donalda Pelletier, Refa, ambaye hajawahi kushika filimbi lakini hakuna jambo asilolitolea hukumu. Alikuwepo Luba Hrynchuk, Kona, na sababu ya jina mtaisikia, kwa kuwa mwenyewe hawezi kukaa robo saa bila kuitaja. Na mimi, Akiba. Niliingia klabu msimu wa pili, nikawa mchezaji wa akiba miaka saba, na mpaka leo kama mnavyoona niko benchi.

Shughuli yetu ilikuwa moja. Klabu yetu ya mpira wa miguu ya wanawake, Zambarau, imejengewa vyumba vipya vya kubadilishia nguo, na mwenyekiti anataka ubao wa kumbukumbu ukutani: klabu ilianzaje, na kina nani walicheza mechi ya kwanza. Katika waliocheza siku ile, aliyebaki hapa mjini na akili zake ni Luba peke yake. Na Luba alikuwa anaondoka kesho, Jumapili, kwenda kuishi kwa binti yake Calgary, mbali magharibi, moja kwa moja. Hakuna aliyeligusa hilo la kesho. Tulikuwa tunabishana mpira kwa bidii, na mimi nasema wazi, sikutaka aende.

Kona: Haya, andika, Akiba. "Klabu ya Zambarau ilianzishwa na Luba Hrynchuk..."

Refa: Umeotea!

Kona: Nimeotea nini, sentensi yenyewe haijaisha?

Refa: Umeotea toka mwanzo. Klabu ilianzishwa na roho mbaya ya wanaume wa kiwanda cha karatasi. Walisema uwanja ni wao. Wanawake mkitaka kucheza, chezeni theluji ikiwa bado imelala. Wakacheka, wakadhani wamemaliza.

Kona: Na sisi tukasema asante. Jumamosi ya kwanza ya Mei, theluji ya kufika vifundoni, tukaingia na mabuti. Wapinzani wetu, Fort Amable, wakashuka kwenye basi lao, wamevaa soksi nyeupe, masikini ya Mungu.

Barafu: Ndiyo maana mpaka leo mechi ya kwanza ya msimu haichezwi bila theluji.

Kona: Na ikiwa imeyeyuka?

Barafu: Analeta nani? Semeni. Analeta nani?

Refa: Unaleta wewe, Barafu, tumekushukuru mwaka jana, tutakushukuru na mwaka huu, kunywa kahawa yako.

Alikuwa ameshaileta. Alfajiri alikwangua barafu ya ukumbini, akaibeba kwa pikapu yake, akaimwaga katikati ya uwanja. Kutoka benchini tuliiona, kichuguu cheupe juu ya majani ya kijani, na mabinti wa timu wakipasha misuli kukizunguka. Filimbi ikilia lazima mpira uanzie juu yake. Timu ngeni huwa wanatuona vichaa, na hatujawahi kuwakatalia.

Akiba: Na ile rangi ya jezi? Mwenyekiti anataka na rangi.

Refa: Rangi muulizeni huyu fundi mistari.

Barafu: Mnaanza.

Refa: Si tunaanza, tunaendelea. Miaka hamsini kasoro tunaendelea.

Barafu: Sawa. Niliambiwa chora mistari ya uwanja. Nikachukua chokaa, nikachora. Pembeni, katikati, maboksi yote mawili, na lile duara nikalipatia haswa, halijawahi kupatiwa vile tena. Nikarudi nyuma nitazame kazi yangu.

Kona: Ukaona nini?

Barafu: Sikuona kitu.

Kona: Chokaa nyeupe juu ya theluji nyeupe! Asubuhi nzima! Tunamwangalia kwa mbali anainama, anainuka, tunasema yule kijana ana bidii!

Refa: Ivumayo haidumu.

Akiba: Hiyo inaingiaje hapo, Refa?

Refa: Chokaa haikudumu.

Barafu: Chokaa ilidumu! Tatizo haikuonekana. Basi nikakimbia jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, kina mama wanapika supu ya bitiruti ya harusi. Sufuria tatu kubwa. Nikasema kuna dharura, nikaondoka nazo.

Kona: Bibi harusi alikuwa binamu yangu. Alilia.

Refa: Maji yakimwagika hayazoleki.

Barafu: Refa, kazi yangu maisha yangu yote ni kuzoa maji yaliyomwagika. Nayamwaga, yanaganda, nayazoa. Hiyo methali haijafika kaskazini.

Tulicheka mpaka Gaétan akagonga kioo kutoka ndani. Kwa hiyo mistari ikawa ya zambarau, na kila aliyeanguka akainuka wa zambarau, na mwisho wa mechi hakuna aliyeweza kutofautisha jezi. Msimu uliofuata, nilipoingia mimi, tukanunua za rangi hiyohiyo ili tusihangaike na kufua. Hayo niliyaandika. Kona akanyoosha shingo kuhakikisha.

Kona: Sasa andika bao.

Refa: Eh, tumefika kwenyewe.

Kona: Mpira wa kona, upande wa ziwa. Naupiga kwa buti la kazini, buti la kaka yangu. Upepo unaudaka. Unapanda, unapanda, unapita juu ya basi la wageni...

Barafu: Mwaka jana haukupita juu ya basi.

Kona: Mwaka jana hamkuniuliza vizuri. Unapita juu ya basi, unageuka, unarudi, unaingia pembe ya juu bila kuguswa na mtu. Moja bila. Na wenyewe hawakurudisha. Andika hapo kwa herufi kubwa. Hatukufungwa!

Refa: Hapo sipingi. Hamkufungwa, na mlishambuliwa kama mmeiba kuku. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio. Kipindi cha pili chote mpira ulikuwa upande wenu. Mashuti yale! Nikasema leo hawa watakula kumi.

Akiba: Sasa mbona hawakufunga?

Swali hilo nililiuliza mimi, kwa uchokozi tu, maana kila mwaka jibu linakuwa jipya, na lilikuwa linatupeleka mbali na kesho.

Refa: Upepo. Kipindi cha pili ulikuwa unatoka golini kwetu kwenda kwao. Shuti linafika kwenye boksi limechoka, linageuka lenyewe.

Kona: Upepo huohuo ulioniingizia bao kipindi cha kwanza ulikuwa unatoka ziwani, Refa. Ziwa limehama?

Refa: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Kona: Huyu leo amelewa krimu.

Barafu: Si upepo. Ni theluji. Nilipokuwa nasawazisha njia ya mistari nilisukumia theluji iliyozidi ndani ya goli lenu la kipindi cha pili. Ilijaa mpaka nusu. Mpira ukipigwa unagota kwenye theluji kabla ya kuvuka mstari, puu, unabaki hapo. Kwa hiyo mkitaka ukweli, ushindi ni wangu.

Kona: Eino, acha kutupiga kamba! Na kipindi cha kwanza wakati goli hilo ni la kwao, bao langu lilipitaje hiyo theluji?

Barafu: ...Liliiyeyusha.

Refa: Basi niseme nilichokiona, na sijawahi kukisema kwa sababu mngenicheka. Dubu.

Akiba: Wapi?

Refa: Nyuma ya goli letu. Ndiyo kwanza ametoka kulala msimu mzima, ana njaa, amefuata harufu ya bitiruti. Amekaa kimya analamba mstari. Washambuliaji wa Fort Amable wakifika kwenye boksi wanakutana naye macho kwa macho. Nani atapiga shuti la maana? Wanapiga huku wanarudi nyuma.

Barafu: Na refa wa mechi hakuona dubu?

Refa: Sheria haisemi lolote kuhusu dubu nje ya uwanja.

Kona: Alikuwa na ukubwa gani?

Refa: Wa wastani. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapo Kona alicheka mpaka akajimwagia kahawa kwenye koti, akasema atakwenda Calgary na doa, binti yake ataona aibu kumpokea. Likawa limesemwa, lile la kesho. Barafu akatazama kichuguu chake cha theluji kule uwanjani, ambacho kilikuwa kimeanza kulowa pembeni. Mimi nikajifanya nasoma nilichoandika.

Mlango wa duka ukafunguka, akatoka binti mmoja amevaa jezi ya zambarau na glavu kubwa kwapani. Tulimjua kwa sura tu: Janelle Nabigon, mwalimu wa shule ya msingi, amehamia wakati wa baridi, na leo ndiyo anaanza golini. Akatusalimia kwa adabu.

Janelle: Samahanini, bibi Luba. Naambiwa ile picha ya ukutani mle ndani ndiyo timu ya kwanza.

Kona: Ndiyo yenyewe, mwanangu. Tulipiga palepale mechi ilipoisha. Unaniona? Wa kwanza kulia, mwenye buti la kiume.

Janelle: Nimekuona. Nilikuwa namtafuta mwenzangu. Mimi kwenye picha yoyote naanza kumtafuta mwenye glavu.

Kona: Tulikuwa hatuna glavu za maana. Alivaa... alivaa...

Janelle: Golini alikuwa nani?

Kona alianza kuhesabu kwa vidole kwa kasi yake ya kawaida, akarudi kuanza upya.

Barafu: Si Thérèse?

Kona: Thérèse alikuwa beki. Alivunjika mguu mbele yangu msimu uliofuata, nitamsahau?

Refa: Yule mrefu. Wa posta.

Kona: Marjorie alicheza katikati.

Janelle: Nimehesabu pale ndani. Mko kumi.

Hatukumwamini. Tuliinuka wote wanne, tukaingia, tukasimama mbele ya ile picha tunayoipita kila asubuhi tukienda kuchukua krimu. Kona akagusa kioo kwa kidole, akataja jina moja moja kwa sauti, na kila jina lilikuja bila shida, na jina la baba yake, na mtaa aliokaa. Kidole kikafika mwisho. Kumi. Gaétan naye akatoka nyuma ya kaunta kuhesabu, akapata kumi vilevile.

Refa: Labda ndiye aliyepiga picha.

Lilikuwa neno la maana la kwanza kumtoka siku hiyo, na hakuna aliyelipinga. Tukarudi benchini. Ng'ambo timu zilikuwa zinajipanga. Janelle alikuwa amevaa glavu zake, lakini hakuondoka.

Kona: Mashuti yote yale.

Akiba: Luba, ni zamani sana.

Kona: Si suala la zamani. Jina la mbwa wa Marjorie nalikumbuka. Mimi macho yangu yalikuwa mbele, Akiba. Mechi nzima nilikuwa natazama goli lao, nasubiri mpira uje. Ulikuwa unakuja. Kuna mtu alikuwa anaurusha. Sikugeuka hata mara moja kuona nani.

Barafu: Hata mimi nimesema theluji.

Refa: Na mimi dubu. Mungu anisamehe.

Niliangalia karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika bitiruti, upepo, buti la kaka, na HATUKUFUNGWA kwa herufi kubwa kama nilivyoagizwa. Nikaona haya, ingawa siku hiyo sikuwepo.

Janelle: Sikutaka kuwaharibia. Nilidhani ni swali dogo.

Kona: Nenda kacheze, mwanangu. Leo mimi nakuangalia wewe tu. Mpira ukienda mbele uende zake.

Binti akavuka barabara mbio. Filimbi ikalia, mpira ukaanzia juu ya theluji ya mashine, watu wakapiga kelele, na kweli Kona alikuwa amegeuza kichwa upande wa goli letu, upande usiokuwa na mpira. Kisha akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na uso kama anavyofanya asipokuwa na miwani.

Kona: Daria? Mama hapa. Sikiliza, kesho siji... Hapana, siumwi. Hapana, Eino hajanishawishi... Sijui mpaka lini. Thérèse yuko Sudbury, nitaanzia kwake, halafu nitakwenda Fort Amable, wao ndio walikuwa wanamtazama... Walikuwa wanamtazama nani? Golikipa wetu wa kwanza. Tumemwacha mtu golini, Daria.

Akasikiliza. Barafu alikuwa ameshasimama kwenda kuleta kahawa nyingine nne.

Kona: Unauliza ni nani? Hata sisi hatujui. Ndiyo maana siji, mwanangu.