Moto wa Mama Muthoni

Ndugu waombolezaji, mimi ni Zacheus, shemeji ya marehemu, na kwa niaba ya familia nitasoma upesi, kwa sababu mnayoijua.

Marehemu Wanjuhi, mke wa Gachanja, alizaliwa mwaka wa 1921 huko Limuru, binti ya Mama Nyathira, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akafunga ndoa tarehe 12 Aprili 1941, na mwaka wa 1946 wakaja hapa Kericho, mume akifanya useremala, yeye akichuma majani chai. Mungu aliwajalia Muthoni na Lazarus.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka wa 1952 kwa ajili ya Mau Mau, sisi Wakikuyu tulikatazwa kutoka nyumbani baada ya saa kumi na mbili jioni, na jiko la Wanjuhi lilikuwa uani, kwa hivyo watoto walikula ugali uliopoa, na baridi ya hapa haihitaji maelezo. Chumba chao, ambacho zamani kilikuwa sebule ya msimamizi Mzungu, kilikuwa na meko ya ukutani yaliyozibwa kwa matofali, na mwezi wa Julai 1954 Wanjuhi aliyafungua kwa nyundo ya mume wake, huku mume, ambaye ni fundi na kwa hivyo anajua yote, akionya kwamba nyumba itawaangukia. Jirani yetu Chepkemboi, ambaye si Mkikuyu, alileta udongo na mavi ya ng'ombe wakaziba nyufa, na mumewe Johana akapanda kutoa viota kwenye chimni, ile njia ya moshi, maana mmoja wetu akionekana juu ya paa angedhaniwa anawapa ishara watu wa msituni.

Moto wa kwanza ulitutoa machozi sote, kwani Wanjuhi alipanga mafiga mbele, karibu na katikati ya chumba, kama jikoni kwa mama yake, kumbe meko ya Kizungu yanataka moto ukae ndani kabisa. Aliyasukuma nyuma, moshi ukapanda, watoto wakala chakula cha moto, naye akasema kwamba kama ni kufungiwa, heri kufungiwa na moto wako.

Hata hivyo alitamani kwao, akaomba pasi, yaani ruhusa ya kusafiri, akamwone mama yake, akanyimwa, akaomba tena. Jioni ya tarehe 6 Juni 1957 kifua kilimbana, ruhusa ya kumtoa ikaja asubuhi, akafariki hospitalini saa nne, na jambo hilo linaniuma.

Tunawashukuru madaktari, wachumaji wenzake, na zaidi Chepkemboi na Johana. Mama Nyathira hakupewa pasi ya kuja kumzika mwanawe.

Saa kumi na mbili inakaribia, inatubidi turudi ndani, na, shemeji yangu, Muthoni amekwisha kuwasha moto wako. Pumzika kwa amani, Wanjuhi, wewe uliyetoka bila kuulizwa pasi.