Tairi la Nyuma la Dada Mkunga

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha viatu na saluni ya Kinyozi, na mtu akitaka kujua jambo lolote chini ya jua aje hapa, asijisumbue na shule. Mimi mwenyewe shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini sioni kiatu katika mji huu ambacho sijakishika, na soli husema mengi kuliko mwenye mguu. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa na tulikuwa watatu: mimi, Kinyozi, na fundi cherehani tunayemwita Futi kwa sababu ya ile tepu ya kupimia asiyoivua shingoni hata akienda msibani. Mara gari la Dada Mkunga likasimama mbele yetu, lile gari la juu linalowafuata wajawazito mpaka kule ambako barabara yenyewe imekata tamaa. Dereva wake ni mdogo wake, mwanamume mzima mwenye mke na mtoto mchanga. Tunamwita Kimya, na jina halikumwonea. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mama yao, bibi wa miwani mizito, mkoba mapajani.

Dada Mkunga alishuka akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kulia.

— Njooni mtazame, kaka zangu. Matairi haya ya nyuma nilinunua pamoja. La kushoto zima kabisa. Hili limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Nikibeba mama mwenye uchungu likapasuka njiani, nitamwambia nini mumewe?

— Pole, dada, akasema Futi.

— Pole haijazi tairi. Nataka kujua ni uendeshaji wa huyu au si uendeshaji wake. Kama ni yeye, leo ananiachia funguo, namtafuta dereva mwingine. Udugu tutauendeleza nyumbani.

Kimya alisimama kando ya mlango akitazama viatu vyake.

— Umefika penyewe, nikasema. — Msimu wa mvua gari hili lilipoingia mtaroni, nani alilitoa?

— Nyinyi. Sijasahau.

— Sema mimi. Hawa walikuwepo tu. Aliyeingia chini kwenye tope akafunga kamba kwa mikono yake ni huyu unayemwona.

— Na lori la kuvuta lililetwa na nani? akauliza Kinyozi. — Mteja wangu yule. Nilimtoa kitini ndevu upande mmoja.

— Na kamba ilikuwa ya nani? akasema Futi. — Mngevuta kwa maneno?

Nikawaacha wagombanie makombo. Nikachuchumaa, nikapitisha kidole kwenye tairi. Upande wa nje mistari yote ipo. Ndani pamelainika kama kisigino cha zamani. Sasa, katika kazi yangu, kiatu cha mguu mmoja kikilika upande wa ndani peke yake, silaumu mwendo. Nautazama mguu. Mguu huo umepinda.

Nikainamisha kichwa zaidi. Kile chuma kirefu kinacholishika gurudumu kwa chini kilikuwa na kipindo, na kwenye kipindo rangi imebanduka, mkanda mzima kuzunguka chuma, upana wa kamba.

Niliinuka. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilijipangusa magoti nikaomba kahawa.

— Eh? akasema Dada Mkunga.

— Subiri, nikasema. — Tuwasikie wenzangu kwanza.

Na wenzangu hawahitaji kuombwa.

— Ni uzito, akasema Futi. — Wajawazito wako wanapandia mlango upi?

— Wa kulia.

— Umesikia? Mtu akiweka funguo mfuko mmoja miaka yote, suruali inaisha upande huo. Nguo ni nguo, tairi ni nguo ya gari.

— Wewe kila kitu kwako ni suruali, akasema Kinyozi. — Hili tairi limetoka nchi ambako magari hupita upande mwingine wa barabara. Limezoea kulalia kule. Ni kama nywele: ukizizoesha kulala kushoto, siku ukizipeleka kulia zinagoma.

— Na la kushoto je? Halikutoka huko huko?

— Hilo lilikuwa bado dogo. Halijajifunza.

— Basi ni jua, akasema Futi. — Pale kliniki gari linaegeshwa upande mmoja, jua la asubuhi linachoma kulia tu.

— Jua linaingia uvunguni?

— Linapinda. Umewahi kuliona jua likienda moja kwa moja?

Kinyozi akavuta kahawa yake, akashusha sauti. — Niwaambie ukweli. Watoto wangapi wamezaliwa ndani ya gari hili kabla ya kufika? Mtoto akitoa kilio cha kwanza, hata chuma kinashtuka. Gari limejikunja kwa huruma.

— Mtoto hazaliwi kwenye tairi, kaka, akasema Dada Mkunga. Akanigeukia mimi. — Wewe ndiye uliyeingia chini. Ni uendeshaji wake au si uendeshaji wake?

Kahawa ilikuwa ya moto mno, nikaimeza hivyo hivyo.

— Ni kona, dada. Anakata kona kwa hasira. Mtu mkimya hasira zake zinashukia miguuni.

Siku ile ya mtaro Kimya alikuwa ameniinamia pale topeni akasema, "Kaka, ndoano ya kufungia kamba iko huku," nami nikamwambia kazi ya dereva ni usukani, mengine awaachie wanaume. Sasa alinitazama kama mteja anayesubiri nimtolee kiatu chake kwenye rundo, ana hakika kimo. Kisha akampa dada yake funguo.

Kioo cha nyuma kikateremka.

— Nyie wanangu, akasema bibi.

— Shikamoo mama, tukasema sote.

— Marahaba. Siku ile mnatuvuta mtaroni, mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa. Kulitoka mlio chini ya kiti changu, ka! kama mtu anavunja kuni. Nyie mkashangilia, nikaona haya kuuliza. Ule mlio ulikuwa wa nini?

Kinyozi akatazama saluni yake kana kwamba ameitwa. Haikuwa na mtu.

— Lile lori, akasema polepole, — mwenyewe hata simjui sana.

— Na kamba niliazima, akasema Futi. Akaivua tepu shingoni, akawa anaikunja.

— Sijauliza lori wala kamba, wanangu. Nimeuliza mlio.

Mimi ndiye mwenye mdomo hapa kijiweni. Niliupelekea kikombe, kumbe kilikuwa kitupu.

Dada Mkunga akachuchumaa. Mikono ile imezoea kutafuta kisichoonekana. Akaupitisha mmoja nyuma ya gurudumu, akafuata chuma taratibu mpaka kwenye kipindo, akatulia hapo. Alipoinuka vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi. Hakunitazama. Akamrudishia mdogo wake funguo.

— Tupeleke kwa fundi. Taratibu. Mama, hamia kiti cha huku.

Afadhali angenitukana. Kimya alifungua mlango, akasita, akanigeukia.

— Kaka, sikuwahi kukushukuru kwa siku ile. Asante.

Hakukuwa na kejeli ndani yake, nimeitafuta mpaka leo. Gari likaondoka mwendo wa bi harusi, na kwa nyuma, hata asiyejua chochote kuhusu magari angeona lile gurudumu la kulia limeinama kwa ndani, linachechemea.

Birika lilikuwa bado zito. Hakuna aliyemimina.